Kutolewa Kwenye Akaunti Si Usumbufu

"Nimeweka simu chini kidogo tu, nikirudi naulizwa PIN tena!" Malalamiko haya ni ya kila siku. Wengi wangependa programu ya pesa iwakumbuke kutwa nzima, kama ile ya kupiga gumzo. Kwa maoni yangu, hapana. Ila mteja anastahili kuelezwa sababu.

Kompyuta inayokuhudumia mtandaoni haikukumbuki yenyewe. Kila unapobonyeza, kwake ni kama mgeni amebisha hodi. Ndiyo maana ukishaingia unapewa namba ndefu isiyokisika, na simu yako inaionyesha kila mara. Muda huo wote unaitwa sesheni. Ni kama kadi yenye namba unayopewa ukiacha mzigo mlangoni kwa supamaketi: anayeishika ndiye mwenye mzigo. Mwingine akiipata, mlinzi atajuaje si wewe?

Kadi ya pesa basi lazima iishe haraka. OWASP, shirika linaloshughulikia usalama wa programu, hupendekeza programu nyeti zifungwe zikikaa dakika 2 hadi 5 bila kuguswa. Simu ikiachwa mezani hotelini, dakika hizo ni nyingi tayari.

Lakini mzigo wote tusimwachie mteja. Sisi watoa huduma tuna deni letu. Sesheni ibebe machache tu: wewe ni nani, na uligusa programu mara ya mwisho lini. Malipo uliyothibitisha yaandikwe papo hapo kwenye daftari la kampuni. Mafundi wakirundika kila kitu kwenye sesheni, siku ikikatika mteja anabaki hajui kama pesa imeenda. Anatuma tena, karo inalipwa mara mbili, na sasa ni kufukuzana na bursa wa shule.

Kuna faida nyingine. Kazi ya kufungua na kufunga sesheni ikikaa mahali pamoja kwenye programu, fundi anaweza kusogeza saa ya majaribio dakika 5 mbele na kuona papo hapo kama mlango umefungwa. Ikitawanywa kila ukurasa, kuna kurasa zitakazosahaulika, na wa kwanza kugundua tundu atakuwa mwizi au mteja aliyeibiwa. Usafi wa kazi ya fundi ni usalama wa pesa yako, hata kama huioni.

Kwa upande wako, mambo matatu. Ukitolewa katikati ya malipo, usitume tena kabla ya kuangalia ujumbe wa kuthibitisha na orodha ya miamala. Ukitumia kompyuta ya saiba, bonyeza "Toka". Kufunga dirisha peke yake hakutoshi. Na ukikuta programu ya pesa isiyokutoa kamwe, usiisifu kwa urahisi wake. Uliza kwa nini imeacha mlango wazi.