Mbwa amekaribishwa mezani, Kiswahili kingali langoni

Katika mitaa yenye nyua ndefu jijini Nairobi, maandishi ya Kiswahili yanayoonekana mara nyingi ni maneno mawili tu: MBWA KALI. Yamepakwa rangi nyekundu juu ya kipande cha bati na kutundikwa langoni, na pengine mbwa mwenyewe hata hayupo. Takriban kila mwaka mwanafunzi mgeni chuoni huniuliza kwa nini kibao hicho hakijasahihishwa, ilhali kanuni za upatanisho zinatutaka tuseme "mbwa mkali", mbwa akiwa kiumbe mwenye uhai. Swali hilo ni zuri. Hata hivyo, majuma machache yaliyopita niliona kibao kingine kilichonifanya niamini kwamba kosa la sarufi si jambo zito kuliko yote katika maandishi ya langoni.

Rafiki yangu alikuwa amenialika katika mkahawa mmoja wa upande wa magharibi wa jiji. Mlangoni palikuwa na ubao mdogo uliochorwa unyayo wa mbwa na kuandikwa kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa madaha, kwamba mbwa wanakaribishwa. Ndani, chini ya meza ya jirani, alilala mbwa mkubwa mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu, ametulia kama mzee wa baraza. Mhudumu alimletea bakuli la maji, kisha akatugeukia sisi. Nilimwagiza chai kwa Kiswahili; akanijibu kwa Kiingereza. Nikamwuliza kwa Kiswahili iwapo kulikuwa na maandazi. Akanijibu tena kwa Kiingereza, huku akinisogezea orodha ya vyakula ambamo neno la pekee la Kiswahili lilikuwa "nyama choma". Rafiki yangu alicheka, akasema kwamba mimi na mbwa yule tulikuwa hali moja: sote wawili tulisemeshwa Kiingereza.

Tulipotoka tulipita kwenye lango la jirani. MBWA KALI. Hapo ndipo nilipotanabahi. Mtaa ni ule ule, na mnyama ni yule yule. Kilichobadilika ni lugha. Mbwa anapowekwa kumfukuza mtu, hutangazwa kwa Kiswahili. Anapokaribishwa mezani, hutangazwa kwa Kiingereza.

Ningemwomba msomaji asiuchukue ushahidi wa kibao kimoja. Na atembee katika jiji lake akisoma kuta na milango. Usitupe taka hapa. Usikojoe hapa. Hakuna njia. Hatari. Makatazo yote hayo yameandikwa kwa Kiswahili chepesi ambacho kila mtu anakielewa, kwa kuwa mwandishi anataka kila mtu aelewe. Lakini palipo na starehe, palipo na kahawa, muziki, punguzo la bei au meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, Kiswahili hutoweka. Hilo nalo linaeleweka vilevile: mwandishi hataki kila mtu ajione ameitwa. Hivyo lugha ambayo neno lake "karibu" limesambaa ulimwenguni pamoja na watalii imegeuzwa, katika mji mkuu wa Kenya, kuwa lugha ya "usiingie".

Jambo hili halikuanza jana. Hoteli kubwa za Wazungu mjini Nairobi, kama vile Norfolk iliyofunguliwa mwaka 1904, kwa miongo mingi zilimjua Mwafrika kama mpishi au mtumishi, si kama mgeni. Nje ya hoteli hizo alitembea na kipande shingoni. Starehe yake nayo ilitengewa mahali: katika miaka ya 1920 baraza la mji lilijenga kilabu cha pombe huko Pumwani na kujitwalia haki ya kuuza pombe hiyo peke yake. Si ajabu kwamba neno "kilabu", ambalo kwa Mwingereza lilimaanisha jumba la mabwana, kwa Kiswahili lilikuja kumaanisha mahali pa pombe ya kienyeji. Neno ni moja, lakini walioingia kwa mlango wa mbele hawakuwa wale walioingia kwa mlango wa nyuma.

Kiswahili alichosemeshwa mtumishi wa nyakati hizo kilikuwa cha amri: lete, ondoa, fagia, funga mbwa. Wataalamu wamekiita Kisetla. Yamkini kibao cha "mbwa kali" ni masalio ya Kiswahili hicho, lugha iliyokatwa viambishi kwa sababu haikukusudiwa mazungumzo bali utiifu. Bwana ameondoka, lugha ya lango imebaki, na nyumba sasa ni yetu.

Nisieleweke vibaya. Simwonei mbwa wivu, wala sisemi kwamba ni kosa kumwendea kahawa akiwa pamoja na bwana wake. Watu wanaoishi peke yao mijini wameongezeka, na kwa wengi wao mnyama ndiye anayewalaki jioni. Katika Msitu wa Karura, ambao hayati Wangari Maathai na wenzake waliuokoa kutokana na wanyakuzi katika mapambano ya mwaka 1998 na 1999, mbwa huruhusiwa kutembezwa wakiwa wamefungwa kamba, na hakuna aliyedhurika kwa utaratibu huo kuwekwa wazi. Mkahawa nao unaweza kufanya vivyo hivyo.

Lakini ukarimu huo una masharti yake. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu nchini, hasa watoto, na ndiyo sababu mwaka 2014 Kenya ilijiwekea mpango wa kukomesha vifo hivyo kufikia mwaka 2030. Mbwa anayeletwa kwenye meza ya watu sharti awe amechanjwa. Aidha, kuna majirani zetu Waislamu, ambao wengi wao katika nchi hii hufuata madhehebu ya Shafii. Kwao chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo. Mteja wa aina hiyo hadai mbwa afukuzwe. Anachohitaji ni kujua mapema, ili achague meza nyingine au mkahawa mwingine. Na atajuaje, ikiwa ilani imeandikwa kwa lugha moja tu, kwa mwandiko wa kurembesha, kwa ajili ya wachache?

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya mikahawa. Dai hili hunishangaza kila ninapolisikia. Hakuna mahali ambapo Kiswahili kimetajirika kuliko mezani, na "meza" lenyewe ni neno tulilolipata kwa Wareno, kama tulivyopata "mvinyo". "Kahawa" na "sahani" zilitoka kwa Waarabu. "Chapati" ilivuka bahari kutoka Bara Hindi. Kutokana na "kahawa" tukaunda "mkahawa", ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita "mgahawa". Lugha iliyopokea pilau, biriani na sambusa bila kupoteza sarufi yake haitashindwa na kipande cha keki. Hata neno "hoteli" tumelifanyia kazi yetu wenyewe: kwa Mkenya wa kawaida, hoteli si mahali pa kulala bali ni pale panapopatikana chai, chapati na maharagwe.

Isitoshe, maneno hayo hayangoji kuundwa. Yanatumika kila siku. Nenda Burma au Kariokor adhuhuri ya Jumamosi. Majina yenyewe ni historia: Burma ni kumbukumbu ya askari waliopelekwa Asia katika Vita vya Pili vya Dunia, na Kariokor ni jina la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza, lililopita katika kinywa cha Mswahili likatoka na sura mpya. Hapo utakaribishwa kwa Kiswahili kabla hujaketi. Utaambiwa palipo na mbuzi na palipo na ng'ombe, utauliza bei ya kilo, utabishana kidogo, na nyama italetwa juu ya ubao pamoja na ugali, kachumbari na chumvi pembeni. Wakili, dereva, mwalimu na mwuza mitumba huketi kwenye benchi moja. Sidai kwamba mahali hapo ni peponi. Moshi ni mwingi na viti ni vigumu. Ninachosema ni kwamba hakuna anayefika hapo akahisi kwamba amekosea mlango.

Hoja nyingine ni kwamba Nairobi ni jiji la kimataifa, lenye makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa na wageni wa kila taifa. Ni kweli. Lakini Addis Ababa ni makao makuu ya Umoja wa Afrika, na Kiamhari hakijafukuzwa mezani huko. Hakuna anayetaka Kiingereza kiondolewe. Karatasi ya vyakula ina pande mbili.

Narudi kwa mhudumu wangu. Usiku ule, yapata saa nne, nilimkuta kituoni akingojea matatu, amevaa koti juu ya sare yake. Alinitambua. "Shikamoo, mzee," aliniamkia, kisha akaniuliza kama gari la kwao lilikuwa limepita. Kiswahili chake kilikuwa fasaha, chenye lafudhi ya pwani, kitamu kusikia. Nikamwuliza mbona alinificha hazina ile. Akainamisha kichwa. "Utanisamehe, mzee. Kule ndani tumeambiwa tuwasemeshe wageni Kiingereza. Ukisikika na Kiswahili, unaambiwa unashusha hadhi ya mahali." Gari lilipofika, utingo alitangaza nauli maradufu ya ile ya mchana. Kijana akahesabu sarafu zake, akapanda.

Hapo nilifahamu kwamba suala hili si la maneno peke yake. Jiji letu linajisifia usiku wake, taa zake na muziki wake. Lakini usiku huo unabebwa na wapishi, wahudumu, mabawabu na madereva, ambao wengi wao hulala mbali na hurudi nyumbani kwa taabu. Tuliwaona dhahiri wakati wa kafyu iliyoanza Machi 27, 2020 na kuondolewa Oktoba 20, 2021. Mikahawa ilipofunga milango mapema, au isifunguliwe kabisa, mwenye gari alikula nyumbani kwake. Mhudumu alikosa mshahara. Wapo waliopigwa na polisi kwa kukutwa njiani wakitoka kazini. Tangu kafyu iondolewe, meza zimejaa tena. Je, tumewafikiria walioziandaa? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walinena wahenga. Nami naongeza kwamba mwenye kusemeshwa kwa lugha asiyoichagua hujifunza kunyamaza, na aliyezoea kunyamaza kuhusu lugha yake atanyamaza pia kuhusu mshahara na nauli yake.

Sheria haiko upande wa mwajiri yule. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma. Orodha ya vyakula ni habari. Ilani ya kuwapo kwa mbwa ni habari. Bei iliyofichwa nyuma ya maneno ya kigeni si habari bali ni mtego. Serikali ya kaunti, inayotoa leseni kwa kila mkahawa na kila baa, inaweza kuweka sharti moja dogo: orodha za bei na ilani zote kwa umma ziandikwe kwa lugha zote mbili rasmi. Gharama yake ni wino. Na wenye mikahawa wasingoje kushurutishwa. Wamruhusu mhudumu amjibu mgeni kwa lugha ambayo mgeni mwenyewe ameanza nayo. Huo ndio adabu ya mezani ya kwanza, kabla ya uma na kisu.

Walimu nao wasikae kando. Kila Julai 7 tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, kwa hotuba na ngonjera. Mwaka ujao tuwape wanafunzi kazi nyingine. Waende mitaani na daftari, wanakili kila bango wanaloliona, kisha waligawe daftari hilo pande mbili: upande mmoja lugha inayokataza, upande wa pili lugha inayoalika. Baadaye wachukue orodha ya vyakula ya mkahawa wowote waitafsiri, kisha wampelekee mwenye mkahawa bila malipo. Watajifunza sarufi, nahau na uraia kwa pamoja, na pengine watapewa chai.

Ama kuhusu swali la wanafunzi wangu, jibu langu limebadilika. Ndiyo, kibao kile kisahihishwe. Ni "mbwa mkali". Lakini hata kikisahihishwa kitabaki kuwa kibao cha kumfukuza mtu. Kinachonikera sasa ni kwamba wenye kibao kile wanajua Kiswahili cha kutosha kunizuia langoni, lakini hudai hawakijui wakati wa kunikaribisha mezani.