Bustani juu ya reli: nani atakayeilinda?

Ardhi katikati ya miji mikubwa imekwisha, na wenye fedha sasa wanaitafuta mahali ambapo zamani hapakudhaniwa kuwa ni ardhi: juu ya reli. Treni haziondolewi. Nguzo hupandwa baina ya njia moja na nyingine, sakafu ya chuma na zege ikalazwa juu yake, kisha yakasimama magorofa ya ofisi, maduka na nyumba za kuishi, na kando yake bustani. Katika michoro inayoonyeshwa wananchi, bustani hiyo hutangulizwa mbele ya kila kitu. Sababu yake ni wazi. Umma hauwezi kuombwa utoe ardhi yake na kodi yake kwa ajili ya duka la mikufu, lakini kwa ajili ya kivuli cha mti utakubali.

Kwa maoni yangu, bustani hiyo ni mahari inayotolewa kwa umma ili ndoa ipite. Na kila aliyelelewa pwani anajua kwamba mahari ya kuahidiwa haidaiwi kwa tabasamu la siku ya harusi. Hudaiwa kwa maandishi, mbele ya kadhi. Swali ninalotaka tulitafakari, hasa sisi tulio katika taaluma ya kufundisha na kujifunza, ni hili: ahadi ya bustani ikivunjwa, nani mwenye haki ya kwenda kushtaki?

Tuanze New York. Upande wa magharibi wa Manhattan kuna karakana ya treni yenye ukubwa wa ekari zipatazo 28, mali ya shirika la umma la usafiri. Mwaka 2005 jiji lilibadilisha sheria za matumizi ya ardhi katika eneo hilo, na ujenzi wa mtaa uitwao Hudson Yards ukaanza mwaka 2012 chini ya mkataba wa kukodi wa miaka 99. Umma ulitoa fungu lake mapema. Njia ya treni ya chini ya ardhi ilirefushwa hadi hapo kwa gharama ya dola bilioni 2.4, ikafunguliwa Septemba 2015. Nusu ya mashariki ya mtaa huo ilizinduliwa Machi 2019.

Ufundi wake hauna budi kusifiwa. Joto la treni zilizo chini lingeichoma mizizi ya miti, hivyo udongo wa bustani unapoozwa kwa mitambo. Hata hivyo, bustani hiyo inaendeshwa na kampuni, si na jiji. Humo umejengwa mnara wa ngazi uitwao Vessel. Ulipofunguliwa, masharti ya kuingia yaliipa kampuni haki juu ya picha ambazo wageni wangepiga pale, na ni malalamiko ya watu yaliyoifanya iyalegeze. Mgeni alikaribishwa, naam, lakini alikaribishwa kwa mwenyewe.

Nusu ya magharibi inafundisha zaidi. Mpango ulioidhinishwa mwaka 2009 uliahidi shule, nyumba za bei nafuu na uwanja wa wazi. Miaka 15 baadaye reli zilikuwa bado wazi pale, na waendelezaji wakaja na pendekezo jipya lenye kasino ndani yake. Wakazi walilipinga, na mwaka 2025 kampuni ya kasino ikajitoa. Fundisho ni kwamba kilichojengwa kwanza ni kile chenye faida. Shule na nyasi ziliachwa zisubiri zamu yao.

Sasa tutazame Chicago, ambako mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1836, ramani ya ardhi ya ufukwe wa ziwa ilitiwa maandishi kwamba eneo hilo libaki wazi daima bila jengo lolote. Watawala waliofuata walitamani kujenga humo. Mfanyabiashara mmoja, Montgomery Ward, aliwapeleka mahakamani mara kwa mara kuanzia mwaka 1890 hadi 1911. Alishinda, ingawa alichukiwa kwa hilo na wakubwa wa mji. Kona moja ya eneo hilo ilibaki mikononi mwa reli, na ilipopatikana katika miaka ya tisini, jiji likaamua kuifunika kwa bustani. Mradi wa Millennium Park uliotangazwa mwaka 1998 kwa makadirio ya dola milioni 150 ulifunguliwa mwaka 2004, miaka minne baada ya wakati wake, kwa gharama ya takriban dola milioni 475. Ubadhirifu huo haustahili kuigwa. Lakini bustani ni mali ya jiji, na kuingia ni bure.

Tusisahau jambo moja. Ward alisikilizwa na mahakama kwa kuwa alikuwa na jengo lililotazamana na ardhi ile, na sheria ilimhesabu kuwa mwenye maslahi. Laiti angekuwa mpita njia, pengine mlango wa mahakama ungefungwa usoni pake.

Hayo ndiyo yaliyompata Profesa Wangari Maathai hapa Nairobi. Mwaka 1989 alipinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park. Alitukanwa bungeni, na alipokwenda Mahakama Kuu akaambiwa kwamba hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha madhara yaliyompata yeye mwenyewe. Bustani iliokolewa na kelele zilizowafanya wafadhili wa kigeni wanywee. Sheria haikuwa na mkono katika wokovu huo.

Nayakumbusha haya kwa sababu zamu ya reli yetu imefika. Nairobi ilizaliwa na reli mwaka 1899, na sasa inataka kuzaliwa upya mahali pale pale. Mradi wa Nairobi Railway City, uliozinduliwa rasmi na Rais William Ruto Desemba 2022 kwa ushirikiano na Uingereza, unahusu ekari 425 kusini mwa katikati ya jiji: stesheni mpya, ofisi, biashara, makazi na sehemu za wazi. Sina ugomvi na nia hiyo. Mtoto wa Eastlands anayecheza mpira barabarani anaihitaji nyasi hiyo kuliko mtu yeyote.

Ila ardhi ya reli si pori. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za wapangaji wa mtaa wa Muthurwa zilikuwa zimekiukwa katika jitihada za kuwaondoa zilizofanywa na hazina ya pensheni ya wafanyakazi wa reli. Wapo pia wachuuzi, makuli na wasafiri ambao riziki yao imefungamana na stesheni. Bustani itakayoanza kwa kuwafukuza hao haitakuwa ya umma hata ikipandwa miti elfu.

Tofauti na mwaka 1989, leo tuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi, wala hatakiwi kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara. Mlango aliofungiwa Maathai sasa u wazi. Hata hivyo, mlango wazi haumsaidii asiye na hati ya kuonyesha. Ndiyo maana nasema bustani za mradi huu zipimwe na kusajiliwa kuwa ardhi ya umma kabla ya ghorofa la kwanza kuinuka. Tarehe ya kuzifungua ifungwe pamoja na ya majengo ya biashara, na wakazi waliopo wahesabiwe na kuandikwa.

Watakaosema kwamba masharti hayo yatawakimbiza wawekezaji wanakosea. Mwekezaji makini huogopa zaidi masharti yanayobadilika njiani kuliko yale aliyoyasoma siku ya kwanza.

Walimu wa historia na jiografia wana somo tayari mikononi mwao. Wawatembeze wanafunzi kutoka stesheni hadi Muthurwa wakiwa na ramani, kisha wawape kazi ya kuandika kila sehemu ya wazi iliyoahidiwa, na jina la atakayeimiliki. Kizazi kitakachojua kilichoahidiwa ndicho kitakachoweza kukidai. Mali bila daftari hupotea bila habari.