Eti Mtoto wa Forodhani Hakuwa na Pa Kuchezea?

Kuna staa mmoja, mtoto wa Mji Mkongwe kabisa, kila likizo lazima aposti wanawe wakiteleza kwenye mabwawa ya michezo huko Dubai. Chini anaandika eti yeye utotoni hakuwa na pa kuchezea. Jamani! Waliokua naye wanacheka tu.

Maji yakijaa jioni, ukuta wa Forodhani ndio ulikuwa kila kitu: mtoto anatoka mbio, anajirusha, anapiga makachu, anapanda tena kabla hajavuta pumzi. Sikukuu kulikuwa na bembea za Mnazi Mmoja, lakini hizo zilitaka pesa. Bahari haikutaka. Ilitaka uyajue maji tu, maana yakipwa anayejirusha anakutana na mawe, na wakubwa ndio waliowazuia wadogo.

Bustani ilikarabatiwa, ikafunguliwa upya 2009, ikapendeza kweli. Siku hizi watalii wanasimama na simu, vijana wanaruka kwa mbwembwe wapate chochote. Hakuna ubaya, riziki hiyo. Ila kamera haijui maji yanapwa saa ngapi, na dogo wa miaka tisa anayeiga wakubwa naye hajui.

Hapo ndipo pesa ya staa ingefaa. Nauli ya safari moja ingemlipa kijana anayejua kuogelea akae pale ukutani jioni, awaangalie wadogo. Hata ubao wa saa za maji kujaa na kupwa ungekuwa kitu. Mashabiki wanaomwandikia "mashallah" wamuulize hilo kwanza.