Utajiri haumo katika damu: Wahindi wa Uganda, Wagiriki wa Kongo, na sisi wa Butembo na Beni



Kuna swali moja lenye kurudi kila mara katika vikao vyetu. Mwenye kwenda Kampala kutafuta bidhaa anarudi nalo, motari analiuliza akiwa anangoja mteja, mwanafunzi analileta kutoka chuo: "Juu ya nini kule viwanda na mahoteli makubwa ni ya Bahindi? Na hapa kwetu, wale Bagiriki wenye wazee banasimulia, beko wapi?"

Jibu la barabarani ni jepesi: "Bahindi beko na biashara mu damu." Halafu linafuata jibu la pili, baya zaidi, lenye kuzunguka katika sauti za WhatsApp: "Wageni bafukuzwe, mali yao tugawane."

Sisi tunasema hapana. Hatusemi hivyo kwa kuwa kila tajiri mgeni ni mtu mwema. Tunasema hivyo kwa sababu jambo hilo limekwisha kufanywa, upande ule wa Kasindi na upande huu, katika muda wa miezi 16 tu. Matokeo yake tunayaishi mpaka leo.

Walianzia wapi

Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walijenga reli kutoka Mombasa mpaka ziwa Victoria. Walileta vibarua karibu 32,000 kutoka India. Wapatao 2,500 walikufa kazini, wengi wa waliopona wakarudi kwao, na karibu 7,000 wakabaki. Lakini wenye maduka hawakuwa hasa wale vibarua. Wengi walikuja wenyewe baadaye, kwa merikebu, kutoka Gujarat, wakianza na duka dogo la chumvi, nguo na mafuta ya taa. Katika watu wa namna hiyo walitoka Nanji Kalidas Mehta, aliyeanzisha sukari ya Lugazi mwaka 1924, na Muljibhai Madhvani, aliyeanzisha ile ya Kakira mwaka 1930.

Wagiriki wa Kongo nao hawakuja na masanduku ya dhahabu. Walitoka visiwani, wengine Kupro, wengine Misri. Wabelgiji walikuwa wamezigawia kampuni zao kubwa madini, reli na mashamba makubwa. Mgiriki alichukua kilichobaki: magazini ya porini, lori, kahawa, samaki. Kule Kasenga, kwenye mto Luapula, Wagiriki ndio walioshika biashara ya samaki waliolisha wafanyakazi wa migodi ya Katanga. Kisangani walishika maduka na kahawa. Wazee wetu wanawakumbuka mpaka huku Beni na Butembo.

Tukiziweka jamii hizi mbili kando kwa kando, tunaona zilifanana kwa mambo matatu. Kwanza, mtu alipata bidhaa kwa mkopo kutoka kwa ndugu yake, bila benki: mjomba wa Mombasa alimwamini mpwa wa Jinja, kaka wa mjini alimwamini mdogo wake wa porini. Pili, mkoloni aliwaruhusu kufanya yale ambayo Mwafrika alifungiwa, kuanzia leseni mpaka mkopo. Tatu, walikuwa na biashara lakini hawakuwa na nguvu ya siasa. Hapo hakuna damu. Kuna mkopo, ruhusa na kuaminiana. Jambo la pili lilikuwa udhalimu wa wazi, na babu zetu walikuwa na haki ya kukasirika. Hatutaki kulificha.

Siku mali ilipogawanywa

Mwezi wa 8 mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Zaidi ya watu 50,000 walitoka, karibu 28,000 wakaingia Uingereza. Na huko hawakupokelewa kwa maua: halmashauri ya mji wa Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus ili kuwaambia wasije. Walikwenda hata hivyo, wakaanza upya na chumba cha kupanga na kazi ya kiwandani.

Maduka yao yalipewa wanajeshi na marafiki wa utawala. Raia wa Uganda waliwapatia jina la Kiswahili: mafuta mingi. Inasimuliwa kwamba wengine waliuza shati kwa kusoma namba iliyo kwenye kola, wakidhani ndiyo bei. Hata kama hadithi hiyo imeongezwa chumvi, inasema ukweli mmoja: duka unaweza kulinyang'anya, lakini biashara hauinyang'anyi. Mafuta mingi aliuza kilichokuwa kwenye rafu, akala, na rafu ikabaki tupu. Uganda iliyokuwa inauza sukari inje ikaanza kuitafuta.

Kwetu ilikuja tarehe 30 Novemba 1973. Mobutu alitangaza Zairianizasio: mashamba, maduka na viwanda vidogo vya wageni vipewe Wazairwa. Waliopewa waliitwa "acquéreurs". Ni nani hao? Mama wa soko hakuwamo, wala mkulima wa kahawa, wala kijana aliyejua hesabu za magazini kwa kuwa alifanya kazi humo miaka 10. Walikuwa wakubwa wa chama, wabunge, maofisa na jamaa zao. Wakafanya kama mafuta mingi wa Uganda: wakauza bidhaa, wakaendesha gari la Mgiriki mpaka likaharibika, wakafunga mlango. Aliyefukuzwa alipoteza duka. Raia alipoteza chumvi, sabuni na kazi.

Tofauti iko wapi

Hapa ndipo tunaomba msome polepole, maana jamii hizi zilipata pigo moja lakini hazikuishia mahali pamoja.

Kongo ndiyo iliyojirudi mapema. Kufika 1976 Mobutu alikuwa amekubali wageni warudishiwe mpaka asilimia 60 ya mali yao. Uganda ilikawia sana: sheria ya kurudisha mali ilipitishwa 1982, na kazi kubwa ya kurudisha ilifanyika chini ya Museveni, hasa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hesabu ya karatasi, basi, Wagiriki wangekuwa wameshinda.

Lakini leo Kakira na Lugazi zinatoa sukari, na zimerudi mikononi mwa familia zilezile. Sudhir Ruparelia, aliyeondoka kijana mwaka 1972 na kurudi katika miaka ya 1980, ni mmoja wa matajiri wakubwa wa Uganda. Wagiriki wa Kongo wamebaki wachache, hasa Lubumbashi na Kinshasa. Huku mashariki yamebaki majengo na masimulizi.

Je, Mhindi ana akili kuliko Mgiriki? Hapana. Mhindi alirudi katika inchi ambayo, pamoja na makosa yake mengi, ilikuwa na ofisi ya kudaiwa, karatasi ya nyumba yenye kuheshimiwa na barabara isiyokuwa na risasi katika sehemu kubwa ya inchi. Mgiriki alirudishiwa shamba katika inchi iliyokuwa inaanguka. Kisha ukaja uporaji wa Septemba 1991, ukaja ule wa 1993, ikaja vita ya 1996 na ile ya 1998. Mali bila usalama na bila sheria ni deni tu. Nani anajua jambo hilo kuliko mkulima wa kakao wa Beni? Shamba ni lake, karatasi anayo, kakao imeiva, na hawezi kwenda kuvuna kwa sababu ya wauaji wa ADF. Tangu Oktoba 2014 tunazika watu wetu waliokwenda shambani.

Tena tusiwapambe Waganda. Kuwarudishia Wahindi mali hakukumpatia kijana wa Kampala mtaji. Aprili 2007 serikali ilitaka kuipa kampuni ya sukari ya Mehta sehemu ya msitu wa Mabira. Wanainchi waliandamana, na walikuwa na haki. Mpango ule uliishia kuachwa. Lakini siku ile ya maandamano Mhindi mmoja aliyekuwa anapita barabarani aliuawa kwa mawe. Hakuwa amegawa msitu wala kusaini chochote. Sisi tulio wa harakati, wenye kuitisha watu barabarani, tunapaswa kuikumbuka siku ile kila tunapoandika tangazo la maandamano. Haki ya jambo letu haimfanyi mpita njia kuwa na hatia.

Na sisi je?

Baada ya Zairianizasio nani alijaza pengo huku kwetu? Si wale acquéreurs. Walikuwa wafanyabiashara wa Butembo walioanza na maharagi, vitunguu na viazi kuelekea Kisangani na Kinshasa, kisha kahawa na dhahabu kupitia Uganda, kisha wakafika Dubai na Uchina, wakichangia kontena moja watu kadhaa kwa sababu hakuna aliyeweza kulijaza peke yake. Mkopo wao ulitoka kwa ndugu, kwa kanisa, kwa likelemba. Serikali haikuwapa kitu. Ni namna ileile ya yule Mhindi wa Jinja! Kwa hiyo mwenye kusema kwamba biashara ni damu ya Wahindi apite barabara kuu ya Butembo asubuhi, ahesabu Fuso zinazopakua.

Na tuendelee kusema ukweli, hata ukituuma. Wazee wetu wanasimulia kwamba mababu zetu walivuka Semuliki kutoka upande wa Uganda; Bakonzo wa Kasese ni ndugu zetu. Leo Wanande wenye maduka wako Kisangani, Bunia, Goma na Kinshasa. Huko, mambo yakiwa magumu, mdomo wa mtu unasema nini? "Banande banakula yote, barudi kwabo." Maneno ni yaleyale. Mwenye kuyatuma hapa Beni juu ya mtu mwingine anamwandalia dada yake matatizo kule Kisangani.

Lakini tusimfunike tajiri wetu kwa shuka kwa kuwa anaongea lugha yetu. Wakati wa vita, chini ya utawala wa RCD/K-ML, wafanyabiashara wakubwa waliwatangulizia waasi franga, kisha wakalipizwa ushuru mdogo mpakani. Mama mwenye kubeba ndizi hakupata punguzo. Mpaka leo mdogo analipa kwenye kila bariera, mkubwa anazungumza kwa simu. Mshahara wa kijana anayelala dukani kama mlinzi, mchana anauza, usiku analinda, ni mdogo awe mwajiri ni Mhindi, Mlebanoni, Mchina au mjomba wake mwenyewe. Tunapotafuta mwenye kutunyonya, tuangalie anachokifanya, si alikotoka babu yake.

Tunadai nini

Tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi. Tangu Januari 2025, Goma ilipoanguka mikononi mwa M23, uongozi wa jimbo umehamia Beni. Inchi yetu imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na mfanyabiashara wa Kampala, Mhindi au Mganda, anakuja na lori lake. Njaa na hofu vikikutana namna hii, ni rahisi mukubwa atunyooshee kidole kwa mgeni ili tusimuulize yeye. Mobutu alifanya hivyo, Amin alifanya hivyo. Basi, sisi tunauliza, na tunadai:

1. Barabara ya mashamba iwe na usalama mbele ya yote. Mkulima wa Beni avune kakao yake akiwa hai. Bila hilo, maneno mengine yote juu ya uchumi ni hewa.

2. Ushuru uwe mmoja, uandikwe na ubandikwe hadharani Kasindi na kwenye kila ofisi, kwa mwenye kontena na kwa mwenye kikapu. Kila franga itoke na karatasi yake.

3. Mkopo mdogo kwa kijana na kwa mama wa soko asiyekuwa na mjomba Dubai. Hapo ndipo palikuwa pengo tangu ukoloni, na kunyang'anya duka la mtu hakujawahi kuliziba.

4. Sheria ya kazi iheshimiwe na kila mwajiri, mzaliwa au mgeni, na mkaguzi wa kazi afike dukani kuona watu, si kuchukua bahasha.

5. Mwenye kusambaza sauti za kuita watu wafukuzwe au waporwe, afuatiliwe na sheria. Na sisi wenyewe tuanze: sauti kama hiyo ikikufikia, usiitume. Mjibu aliyekutumia, tena kwa adabu, hata akiwa kaka yako mkubwa.

Wandugu, kabla hamjaitikia mwenye kuahidi kugawa mali ya mwingine, muulizeni swali moja tu: mwaka 1973, baba yako alipewa magazini gani?

Butembo na Beni