Mshindi wa bahati nasibu aachwe ajifiche

Kampuni ya kubeti ikipata mshindi mkubwa, hafla huwa ile ile: jukwaa, kamera, hundi ya ubao yenye urefu wa mtu, na mshindi anayeulizwa mbele ya taifa zima fedha zake atazifanyia nini. Ndivyo Wakenya walivyoonyeshwa mwaka 2017 kijana aliyebashiri mechi 17 na kujinyakulia zaidi ya shilingi milioni 221 za Kenya. Mambo yakiharibika baadaye, yaani marafiki wakimkimbia au ndugu wakifikishana mahakamani, tunasema fedha za ghafla zina laana. Mimi naona tunamhukumu asiyehusika. Kinachovunja undugu, mara nyingi kuliko fedha zenyewe, ni lile tangazo.

Undugu wetu unaendeshwa kwa kupokezana. Leo nachangia harusi ya binti yako, kesho unanishika mkono kwenye msiba wangu. Viwango havilingani, lakini hakuna anayebaki mtoaji wa kudumu. Utaratibu huu unadumu kwa sababu hakuna anayejua kwa hakika mwenzake ana shilingi ngapi. Mwajiriwa akipigwa mzinga husema mwezi umekuwa mgumu, mfanyabiashara husema mzigo umekwama bandarini, na mwombaji huondoka na heshima yake hata kama hakuamini neno. Aliyepigwa picha na hundi hana kisingizio hicho. Akichangia laki moja ametukana ukoo; akichangia milioni tano ameweka kiwango ambacho kila binamu atakidai. Tena hana hata jasho la kujitetea nalo. Mwenye duka atasema amehangaika miaka ishirini, ila mshindi ataambiwa kwamba bahati ni ya Mungu, na ya Mungu ni ya wote.

Kwamba watu wanaliogopa jicho la ndugu si dhana yangu. Watafiti Pamela Jakiela na Owen Ozier walifanya jaribio vijijini magharibi mwa Kenya, wakawapa watu fedha za kuwekeza. Kwa baadhi yao, mapato yangetangazwa hadharani. Wanawake ambao ndugu zao walikuwapo walikubali kupata pungufu ili mradi faida isionekane, na wapo waliolipa kabisa ili isitangazwe. Huko Rarieda, kaunti ya Siaya, baadhi ya kaya zilipewa fedha bila masharti yoyote; majirani ambao hawakupata kitu walijikuta hawaridhiki na maisha yao kama zamani, ingawa donda hilo lilipoa kadiri muda ulivyokwenda. Hawakuwa wamenyang'anywa chochote. Walikuwa wameona tu. Kwa upande mwingine, utafiti mkubwa wa Sweden uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia washindi wa bahati nasibu kwa miaka mingi na kukuta kwamba waliopata zawadi kubwa waliridhika zaidi na maisha. Fedha peke yake, basi, si sumu.

Marekani imelipia somo hili kwa damu. Abraham Shakespeare, kibarua wa Florida aliyeshinda dola milioni 30 mwaka 2006, aliandamwa na waombaji hadi akamwamini mwanamke aliyejitolea kumsimamia mali; mwaka 2010 mwili wake ulikutwa umefukiwa chini ya zege, na mwanamke huyo akahukumiwa kwa mauaji. Jimbo hilo lilichelewa, lakini tangu 2022 huficha kwa siku 90 majina ya wanaoshinda dola 250,000 au zaidi. Mwaka 2018 mahakama ya New Hampshire ilimruhusu mwanamke aliyeshinda karibu dola milioni 560 jina lake lisitajwe kabisa.

Wapo watakaosema kwamba mshindi asipoonekana, nani ataamini kwamba kuna mtu aliyeshinda? Hoja hii ina uzito, maana matapeli wa bahati nasibu tunawajua. Lakini picha ya mtu na ubao haithibitishi kitu. Tapeli naye anaweza kukodi mtu na kununua ubao. Uthibitisho ni kazi ya mkaguzi, ya msimamizi wa michezo ya kubahatisha na ya mamlaka ya kodi, ambao lazima wamjue mshindi kwa jina na kitambulisho. Umma unatosheka na namba ya tiketi, kiasi na mkoa. Wengine watasema kujificha ni uchoyo. Sikubali. Anayelipa ada ya mpwa wake kimyakimya ametoa kwa hiari, naye mpwa hana deni la kushukuru hadharani; anayetoa kwa sababu kijiji kizima kimeona hundi amelipa ushuru. Na ndiyo, siri huvuja. Ila inayovuja polepole humpa mtu miezi ya kulipa madeni na kukubaliana na mwenzi wake, muda ambao tangazo la saa mbili usiku humnyima.

Anayefaidika na hafla ile ni kampuni, inayopata tangazo la bure. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania na wenzao wa Kenya waweke sharti moja lililo wazi katika kila leseni: jina na sura ya mshindi visitangazwe bila ridhaa yake ya maandishi, na ridhaa hiyo isiwe sharti la kulipwa.