Ndugu, Pompu Hiyo Ni Ya Ngapi?

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba unayesoma ukurasa huu, leo tunaacha kidogo habari za kofia na viatu vya kazi. Tunataka kuzungumza juu ya motokari inayolala katika lupango lako.

Unaijua. Ni ile ya mbio, ya milango miwili, iliyotoka Japani, ikashushwa bandarini Dar es Salaam, ikapita Tunduma na nchi ya Zambia mpaka Kasumbalesa. Usukani uko kuume. Imekwisha kuwa na mabwana wawili ao watatu mbele yako, na mmoja wao, ambaye hutamjua kamwe, aliibadili: aliongeza nguvu ya turbo, akatoa pompu ya esansi ya kiwanda, akatia nyingine kubwa inayosukuma lita 255 kwa saa. Wewe ulisikia mlio wake, ukafurahi, ukalipa. Sikucheki. Mimi ninayeandika nilifanya vile vile. Yangu ilikuwa Toyota Celica yenye turbo, ndugu ya zile zilizoshinda Safari Rally kule Kenya mwaka 1990, na tena toka 1992 mpaka 1995. Nilisahau jambo moja: zile zilifuatwa na mafundi na vipuri njia nzima. Mimi nilifuatwa na madeni.

Pompu ya kwanza ilikufa miezi michache kisha kununua. Ya pili haikumaliza majira ya mvua. Kila mara fundi alisema: «Mzee, pompu imekufa, lete ingine», nami nilileta. Nilihesabu bei ya pompu tu. Sikuhesabu esansi iliyomwagika, wala taksi ya kwenda kazini, wala feza ya shule ya watoto iliyoambiwa ingoje kidogo. Mwishoni mama watoto ndiye aliyefanya hesabu katika daftari lake la soko: karibu mishahara miwili. Na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuliza kwa nini pompu zinakufa.

Sikia basi. Pompu hii inakaa ndani ya tanki, imezama katika esansi, na esansi hiyo hiyo ndiyo inayoipoza. Wewe unayetembea kila siku na taa ya akiba ikiwaka, unayetia lita tatu leo na mbili kesho, unaiacha pompu juu ya hewa, nayo inaungua. Ni kama pompu ya maji kule mgodini kuzungushwa bila maji. Msimamizi wako angepiga kelele kwa dakika moja tu, lakini nyumbani unaona ni jambo la kawaida.

Kisha kuna esansi ya chupa, ya wale vijana wa kando ya njia wanaoitwa Kadhafi. Wanatafuta maisha, siwalaumu. Lakini ikiwa na maji ao mchanga ndani, kichujio kinaziba, pompu inasukuma kwa shida na kupata moto. Na tanki la zamani lenye kutu likifunguliwa bila kusafishwa, pompu mpya inaanza kula uchafu ule ule uliomaliza ya kwanza.

Lakini kwangu mimi ubaya mkubwa ulikuwa nyuzi za umeme. Yule bwana wa zamani alitia pompu kubwa akaacha nyuzi nyembamba zilizotengenezwa kwa pompu ndogo. Fundi wa umeme, nilipomwita hatimaye, alipima na motori ikizunguka: kwenye batri volti 14, kwenye pompu zilifika 9 tu. Kiungo cha nyuzi kilikuwa kimeyeyuka. Maana yake, ndugu, pompu ya pili labda haikuwa imekufa hata kidogo! Niliitupa nzima. Tena mtu fulani alikuwa ametia fizibli kubwa ili isikatike ovyo. Wewe unayefanya kazi na umeme unajua: ukitia fizibli kubwa kwenye uzi mwembamba, uzi wenyewe ndio unakuwa fizibli, na uzi huo unapita karibu na tanki.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu.

Pompu ya tatu ilitiwa jioni, katika lupango langu, kwa sababu garaji lilitaka feza nyingi. Fundi alikuja na kijana msaidizi. Batri haikufunguliwa. Esansi ilivutwa kwa mpira, kwa mdomo, ikamwagwa katika beseni. Mbabula ya mama ilikuwa ikiwaka mbali, hatua kumi na zaidi, na sote tuliona ni mbali vya kutosha. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa mara tatu na zaidi. Haupandi, unatambaa chini kama maji, hata katika baridi ya mwezi wa sita. Ulitambaa mpaka kwenye makala. Moto ulirudi kwa njia ile ile, ukamkuta kijana amechuchumaa kando ya beseni. Mguu wake wa kushoto uliungua toka goti mpaka kisigino.

Na mimi nilikuwa nimesimama pale, mikono mfukoni. Mimi ninayefunga kufuli na kutundika kibao kwenye swichi kila siku mbele ya mtu kugusa mkanda. Mimi ninayekataa mtu asichomelee chuma bila karatasi ya ruhusa. Nilifika nyumbani, nikavua kofia, na akili nikaivua pamoja nayo.

Kwa hiyo nakuambia kama ndugu: kazi ya pompu haifanywi karibu na jiko, wala ndani ya garaji lililofungwa, wala juu ya shimo la fundi, ambako mvuke unajaa. Ni nje, mchana, watoto wakiwa mbali, na kizima-moto cha unga ao mchanga mkavu karibu. Maji usimwage juu ya esansi inayowaka, yanaitembeza. Mbele ya kufungua mpira wowote, toa fizibli ya pompu, acha motori izime yenyewe, kisha fungua batri. Ndani ya mpira ule mna nguvu ya bari 3 hivi, kama maji ya tanki lililowekwa juu mita 30, na esansi hiyo inaruka machoni.

Mtu akimeza esansi kwa kuvuta, mama, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta ya mawese. Ikiingia katika mapafu ndiyo inaua. Mpeleke hospitali, hata akisema hana kitu. Aliyeungua, mwagie maji safi ya baridi dakika 20. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia havitibu.

Matunzo ya kijana nililipa mimi, na hayo hayamo katika ile mishahara miwili. Nyuzi mpya nene, rele, kusafisha tanki na kichujio kipya vilikuja kuwa ghali kuliko pompu, kweli. Pompu ile ya tatu haikunisumbua tena.

Motokari niliiuza. Aliyeinunua, kijana wa kazi kama wewe, aliuliza juu ya turbo tu. Nilimwinamisha kwanza chini ya kiti cha nyuma nikamwonyesha nyuzi.