Je, Italia Ilionewa?

Tangu Kamati ya Michezo itangaze mashindano ya madarasa, mabishano katika nyumba za kulala hayakomi: madarasa mawili yakipata pointi sawasawa, nani apite? Wengi wanasema, tuhesabu magoli tu. Sisi hapana. Tunatoa mfano wa vijana wenzetu.

Mwaka 2015 ekipe za vijana wa Ulaya, wale wa chini ya miaka 21, zilikutana katika Jamhuri ya Cheki. Kundi B lilikuwa na Ureno, Uswidi, Italia na Uingereza. Wawili tu wangepita, tena kwa faida mbili: nusu fainali, pamoja na safari ya Rio kwa Michezo ya Olimpiki ya 2016.

Siku ya mwisho, tarehe 24 Juni, Italia ikaipiga Uingereza 3 kwa 1. Saa ileile, katika uwanja mwingine, Ureno na Uswidi wakatoka 1 kwa 1, na magoli yote mawili yaliingia mechi ikiwa karibu kwisha. Hesabu ikawa hivi: Ureno pointi 5, Uswidi 4, Italia 4, Uingereza 3. Italia ilifunga magoli 4 na kufungwa 3. Uswidi ilifunga 3, ikafungwa 3. Lakini Uswidi ndiyo iliyopita! Kwa sababu gani? Sharti lilisema: kwanza muangalie mechi ya hao wawili wenyewe. Na siku ile Italia ilitangulia kufunga, Uswidi ikashinda 2 kwa 1, hata kama mchezaji wake mmoja alikwisha kutolewa kwa kadi nyekundu. Wafungaji ni John Guidetti, aliyeishi Kenya utotoni, na Isaac Kiese Thelin kwa penalti. (Kiese! Ndugu zetu wenye kusema Kikongo wanajua maana yake: furaha.)

Basi nani aliionea Italia? Walikutana uso kwa uso, wakashindwa. Kumpiga mtu wa tatu hakulipi deni lako kwa jirani. Tena sisi wenyewe tunajua mambo ya magoli: darasa lililokwisha kukata tamaa linafungwa 9 siku ya mwisho, na mara nyingine ni kwa urafiki tu.

Wengine wanasema Ureno na Uswidi walipatana. Sare iliwafaa wote wawili, ni kweli, lakini ushahidi uko wapi? Wanaosema hivyo wanakumbuka Hispania, 1982. Algeria, iliyokuwa imeishinda Ujerumani Magharibi 2 kwa 1, ilikwisha kucheza mechi yake ya mwisho. Kesho yake Wajerumani wakafunga goli moja mbele ya Austria, kisha ekipe zote mbili zikatembeza mupira tu, maana hesabu waliijua. Algeria wakarudi nyumbani. Ndiyo sababu siku hizi mechi za mwisho za kundi zinachezwa saa moja.

Na Uswidi ile ikatwaa kombe tarehe 30 Juni, kwa penalti, mbele ya Ureno haohao.

Tunaomba Kamati iandike sharti hilo na kulibandika ukutani kabla ya mechi ya kwanza, si baada ya makelele kuanza. Na mechi mbili za mwisho zichezwe saa moja. Watatujibu kwamba uwanja ni mmoja. Ule wa shule ya msingi, nyuma ya kanisa, unatosha kabisa. Nyasi zake wanaweza kuzikata Ijumaa wale wenye adhabu.